Hamira Kwenye Chumba cha Hostia

Kicheko alilipata jina hilo akiwa mdogo, na hakuna mteja aliyewahi kuuliza limetoka wapi. Ukipita nje ya duka la mikate la baba yake ukasikia mtu anacheka humo ndani mpaka trei zinatetema, ujue ndiye. Wala hakuwa mtu wa kucheka kwa adabu, mkono mdomoni. Kicheko chake kilianzia chini, taratibu, kama anakizuia. Mara kikamshinda, akashika tumbo, akaegemea magunia ya unga, na watu walioingia na nyuso zao za asubuhi, zile za kuinunia dunia nzima, wakajikuta wanacheka naye bila kujua kuna nini. Marehemu mama yake alikuwa akicheka hivyohivyo. Ndiyo maana baba yake, mtu wa maneno machache na mikono mipana, kila alipokisikia kicheko kile akiwa nyuma kwenye tanuri alisimama kidogo na ubao wake wa kutolea mikate, kisha akaendelea na kazi kana kwamba hakusikia kitu.

Sasa huyo ndiye aliyetaka kuwa sista.

Wewe nawe usianze. Mtaa mzima ulishacheka, inatosha.

Jambo lenyewe lilianza kimyakimya. Kila alfajiri Kicheko alipeleka mikate ya kwanza nyumbani kwa mapadre, na wakati wa kurudi alipitia kanisani, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, unga ungali kwenye nyusi. Hakuwa na sala ndefu. Mara nyingi hakuwa na sala yoyote ya kueleweka. Alikaa tu, akafurahi. Haikuwa furaha ya kucheka; ilikuwa imetulia, imeenea mwili mzima, kama joto linalobaki ndani ya tanuri moto ukishaondolewa. Halafu alirudi dukani akachapa kazi mpaka jioni. Kila alipowaza maisha yake ya mbele, mume, watoto, duka, aliyaona mazuri wala hayakumtisha, ila moyo ulikuwa unarudi kulekule kwenye benchi. Akajikausha. Akadhani ni mambo ya ujana, yatapita. Miaka ikapita, yenyewe yakabaki.

Kosa lake ni kumwambia Shangazi.

Jamani, shangazi yule! Dada mkubwa wa baba yake, nadhifu kuanzia kilemba hadi kisigino, alikuja dukani kila siku kukaa kwenye kiti cha pembeni na kuongea, lakini kugusa unga, thubutu! Kiti chenyewe alikifuta kwanza kwa kitambaa. Ukimwomba akushikie trei moja tu anakuuliza amekukosea nini. Basi Kicheko alimnong'oneza siku moja, "Shangazi, naona kama Mungu ananiita utawani," na kabla mikate ya mchana haijaiva habari ilikuwa imeshafika kwa kinyozi, kwa fundi viatu, na kwa mama muuza vitambaa wa ng'ambo ya barabara.

Mvua ya ushauri ikaanza kunyesha. Kinyozi aliingia kununua mkate mmoja akakaa saa nzima. "Utaweza kweli kuamka alfajiri?" akauliza, na Kicheko, ambaye tangu utoto wake alikuwa anawasha tanuri wakati kinyozi bado anakoroma, alimtazama tu. Fundi viatu alitaka kujua ni nani aliyemvunja moyo, amtaje, wakamshughulikie. Mama muuza vitambaa peke yake ndiye aliyesema la maana, maana yeye aliwahi kukaa kwa masista kabla ya kuolewa. "Nenda kaangalie," alisema huku akichagua mikate kwa kuiminya. "Mimi nilienda, nikaona si pangu, nikarudi, na wala sikufa. Kwenda kuangalia si kufunga ndoa."

Lakini aliyekula kiapo cha kumwandaa hasa ni Shangazi.

"Kwanza kabisa," alisema kutoka kwenye kiti chake, "hicho kicheko chako ukiache hapahapa. Masista hawacheki. Wewe umeshaona sanamu gani ya mtakatifu inacheka? Pili, macho chini. Tatu, tembea polepole, kama umebeba mayai. Na ukila, usimalize sahani. Watasema mlafi."

"Shangazi, umejuaje yote hayo?"

"Nina macho."

Basi Kicheko akaanza mazoezi. Kila duka lilipokosa wateja alitembea kati ya magunia, macho chini, mikono imekutana tumboni, uso ameukaza kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Shangazi alimsahihisha. "Shingo iinamishe kidogo. Hapo! Hapo umekuwa mtakatifu." Na Kicheko, badala ya kucheka, alimeza mate akaendelea kutembea.

Paroko naye alimwita. Alikuwa mzee mnene wa kupenda mikate ya maziwa, na alimweleza mambo yake akiwa ameushika mmoja mkononi. "Mwanangu, wito hauugundui kwa kukaa unauwaza kichwani peke yako. Sali. Tafuta mtu atakayekwambia ukweli, siyo wa kukupamba. Halafu nenda ukakae nao, uone wanavyoishi, na wao wakuone ulivyo. Hilo la mwisho ndilo vijana wanalonisahaulia. Wanakwenda kuangaliwa wamejificha."

"Sasa nikifika kule nifanyeje, Padre?"

"Hakuna cha kufanya. Uwe wewe. Mungu akikuita, hamwiti jirani yako."

"Ndiyo, Padre," aliitikia Kicheko kwa heshima zote, na hilo la mwisho akawa amelisahau kabla hajafika getini.

Akabaki baba. Baba alikuwa amesikia yote, maana tanuri halikuwa mbali na midomo ya watu, lakini hakutia neno. Alikanda unga kwa nguvu kuliko kawaida, basi. Jioni ya kuamkia safari, walipomaliza kusafisha trei, alinawa mikono, akakaa juu ya gunia mbele ya binti yake.

"Masista wameniambia ni wiki moja," alisema.

"Ndiyo, Baba. Wanaiita njoo uone. Naenda kuona tu."

"Mungu akikutaka, mimi ni nani wa kubishana naye? Sitabishana." Akajitazama viganja. "Lakini nyumba ile, tangu mama yako aondoke, haina sauti nyingine zaidi ya hicho kicheko chako. Nikikupa kwa Mungu nitaumia, nitakaa na maumivu yangu, sawa. Kukupa kwa watu wanirudishie sanamu, hilo sitaki. Nitakuja Jumamosi kukuchukua. Nikikukuta umenyongea, umekuwa wa kunong'ona na kuinama, habari za utawa tunazifunga siku hiyohiyo. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

Na hapo ndipo alipobanwa, maskini. Shangazi anasema akicheka hawatamchukua, baba anasema asipocheka hatamruhusu. Alilala na mawazo hayo, na asubuhi akaamua kumfuata Shangazi, kwa sababu Shangazi alikuwa ameeleza vizuri zaidi. Ya baba atayatafutia njia Jumamosi.

Nyumba ya masista ilikuwa ya matofali, ina bustani ya mboga, na kando ya jiko kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha pana ambako walitengeneza hostia za parokia zote za karibu. Aliyempokea ni Sista Mlezi, mwanamke mrefu, mikono ya kanzu ameikunja, mwenye kalamu ya risasi imechomekwa chini ya shela, kwenye sikio, kama seremala. Alimpa kiti, akamuuliza swali moja tu.

"Kwa nini unataka kuja kwetu?"

Kicheko alikuwa amejiandaa. Aliinamisha shingo pale alipofundishwa. "Nataka kujitoa sadaka kwa ajili ya wokovu wa ulimwengu, nikiyaacha malimwengu na anasa zake zote."

"Ehe," alisema Sista Mlezi, akangoja kidogo kama kuna jingine linakuja. Halikuja. "Haya, twende nikuonyeshe chumba chako."

Loo, wiki ile! Kicheko alijitahidi mpaka huruma. Alitembea polepole, akachelewa kila mahali. Alibakiza chakula, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi ngumu na tumbo la kazi ngumu, njaa ilimuuma hadi akaota ndoto za mikate ya baba yake imepangwa mstari. Kibaya zaidi, masista wenyewe hawakuwa kama alivyoelezwa. Kila baada ya chakula cha jioni walikaa sebuleni kupumzika, na huko walicheza karata. Sista mpishi alikuwa mwizi wa karata hakuna mfano. Alizificha ndani ya mikono ya kanzu, alikanusha kwa macho makavu huku moja inadondoka sakafuni, na nyumba nzima ilivunjika mbavu. Kicheko alikaa kwenye kona yake, macho chini, akijing'ata mashavu kwa ndani, machozi yanamlenga kwa kujizuia.

Siku ya tatu Sista Muuguzi alimjia na kijiko na chupa. "Tumbo linakusumbua tangu lini, mwanangu?"

"Haliniumi, Sista."

"Usione haya. Uso wako unasema wenyewe." Akamnywesha dawa chungu, na kesho yake akamnywesha tena.

Lakini la kuumiza kweli halikuwa njaa wala dawa. Pale kwenye kikanisa cha masista, asubuhi, Kicheko alikaa benchi la mwisho kama alivyozoea, akangoja ile furaha yake. Haikuja. Kila alipotulia alijikuta anajikagua: shingo imeinama? Macho yako wapi? Wananionaje? Hakuwa na nafasi ya kufurahi, alikuwa na kazi ya kujilinda. Akaogopa. Akaanza kujiambia kwamba labda hakukuwa na wito wowote, labda ilikuwa ni ubaridi wa alfajiri na harufu ya mishumaa, na yeye amewasumbua watu bure.

Ijumaa, wakati wa kuosha vyombo, Sista Mlezi alimgusa bega. "Kesho baba yako anakuja. Kabla hujaondoka nitazungumza nawe." Alisema kwa upole, ule upole wa daktari mwenye habari mbaya. Kicheko aliendelea kuosha sahani ileile mpaka Sista mpishi akamnyang'anya.

Jumamosi ikafika. Zamu yake ilikuwa chumba cha hostia, kwa Sista Bibi, ambaye masista wote walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mkongwe kuliko hata paa la nyumba. Alikuwa mfupi, amejikunja, mwepesi kama panya wa ghalani. Kanuni ya chumba kile ilikuwa kimya mpaka kengele ya adhuhuri, kwa hiyo Bibi alifundisha kwa vidole. Unga wa ngano na maji, basi, hakuna kingine: hata chembe ya chumvi hairuhusiwi, kwa maana mkate wa altare hautiwi kitu. Rojo jepesi linamiminwa kwenye vyuma viwili vya moto, vinafungwa, vinafunguliwa, linatoka karatasi jeupe la mkate, linapozwa, linakatwa viduara. Wiki nzima Kicheko alikuwa wa kukata na kuchambua tu. Asubuhi hiyo, kabla ya misa, Bibi alimwonyesha gunia, jagi la maji na bakuli kubwa, akazungusha kidole hewani: leo koroga wewe. Kisha akaenda zake kutandaza vitambaa vya altare.

Sasa nikuulize wewe. Mtu aliyezaliwa kwenye duka la mikate, aliyekanda kabla hajajua kusoma, ukimwachia gunia la unga na bakuli kubwa huku akili yake iko kwingine kabisa, unadhani mikono itafanya nini?

Akili ya Kicheko ilikuwa kwa Sista Mlezi. Ilikuwa inapanga maneno ya kujitetea. Mikono ikamimina unga. Mikono ikaona mlango wa jikoni uko wazi na rafu ya Sista mpishi ipo palepale, ikachukua hamira, ikachukua sukari konzi mbili, chumvi kidogo, na maji ikayapasha kwanza yawe vuguvugu. Ikakoroga, ikaonja kwa ncha ya kidole, ikaridhika. Ikafunika bakuli kwa kitambaa safi, ikalisogeza karibu na jiko la mkaa lipate joto. Kengele ya misa ikalia, na Kicheko akatoka na mikono yake iliyokutana tumboni, polepole, kama amebeba mayai.

Misa ilikwisha, chai ikanyweka, vyumba vikafagiliwa. Ndipo Bibi na Kicheko waliporudi kazini.

Kitambaa kilikuwa kimepanda. Kilikuwa kimevimba juu ya bakuli kama tumbo la mtu aliyeshiba harusini, na upande mmoja rojo lilikuwa limeshatoka, limeteremka mezani, limeanza safari ya kuelekea kwenye vyuma. Kicheko aliona mara moja, hakuhitaji kuelezwa. Damu ikamwisha usoni. Parokia zote za karibu zingekosa hostia kesho, na aliyetia hamira ni yeye, binti aliyekuja kuonyesha utakatifu.

Bibi alikwenda polepole, akashika ncha ya kitambaa kwa vidole viwili, akakiinua. Rojo likapumua, pwaa, likatoa povu kubwa moja, likalipasua.

Kimya. Kanuni ni kanuni.

Bibi akamtazama Kicheko. Kicheko akamtazama Bibi. Kisha mabega ya yule mkongwe yakaanza kutikisika. Akajishika ukingo wa meza. Akajifunika mdomo kwa aproni, na kutoka ndani ya aproni ikatoka sauti nyembamba kama birika linaloanza kuchemka. Akashindwa. "Nimetengeneza hostia tangu meno yangu yote yakiwepo," alisema kwa sauti, kanuni akaitupa mbali, "sijawahi kuona iliyofufuka bila kusubiri Pasaka!"

Basi ikaisha. Kilianzia chini, taratibu, na Kicheko alijaribu, Mungu shahidi alijaribu, alijing'ata mashavu yote mawili, lakini kilikuwa cha wiki nzima, pamoja na cha karata na cha dawa ya tumbo. Kikamtoka. Alishika tumbo, akaegemea gunia, akacheka mpaka vikopo vya rafuni vikaitikia, akakaa sakafuni maana miguu ilikataa. Bibi naye akakaa chini kando yake, shela imekwenda upande, wanashikana mikono, wanapangusana machozi kwa aproni moja. Kila mmoja alipopata pumzi alilitazama bakuli na kuanza upya.

Masista wakaja mbio kutoka bustanini wakidhani kuna aliyeungua. Sista mpishi aliona kopo lake la hamira likiwa wazi, akaelewa, akageuka akauegemea ukuta kwa kicheko. Mwishowe akaingia Sista Mlezi na kalamu yake sikioni. Kelele zikapungua.

"Ni nani amefanya hivi?"

Kicheko alisimama. Unga ulikuwa umemjaa nywele. Alijua hapo ndipo mwisho, na cha ajabu, hakuona tena sababu ya kuinamisha shingo. "Ni mimi, Sista. Nisamehe. Nilikuwa nawaza utakachoniambia, mikono ikajipikia yenyewe. Bibi hana kosa. Nitasafisha kila kitu, na nitakoroga rojo jipya hata kama ni mpaka jioni. Na hili tusilimwage, nikiliongezea unga tu, nitawaokea mikate ya chakula cha mchana. Itakuwa mizuri, hiyo nakuhakikishia."

"Oka," alisema Sista Mlezi. Akawafukuza wengine kwa mkono, akavuta stuli, akakaa. Kicheko akamimina unga, akaanza kukanda, safari hii akili na mikono vikiwa mahali pamoja.

"Nitakwambia nilichotaka kukwambia," alisema Sista Mlezi baada ya muda. "Jana nilikuwa nimeshaamua uende nyumbani usirudi tena. Si kwa ubaya. Wiki nzima nimekaa na msichana mwenye huzuni, anayetembea kama anaogopa sakafu, na mimi siwezi kumwambia mtu Mungu anakuita mahali unaponyauka. Nikajiuliza paroko ameniletea nani. Maana aliniambia, nakuletea mtu mwenye furaha."

Kicheko alikanda. Machozi yalidondoka kwenye unga, akayapangusa kwa kiwiko. "Niliambiwa masista hawacheki."

"Na nani?"

"Shangazi yangu."

"Shangazi yako atakuja kucheza karata na Sista mpishi siku moja." Akaegemeza viwiko magotini. "Nikuulize tena. Kwa nini unataka kuja kwetu?"

Maneno ya sadaka na malimwengu yalikuwapo, yamepangwa, lakini Kicheko aliyaona kama nguo ya kuazima. "Sijui vizuri, Sista," alisema. "Alfajiri nikishapeleka mikate nakaa kanisani, benchi la mwisho. Sisemi kitu. Nafurahi tu, nafurahi kuliko mahali pengine popote, na ninaporudi kazini nawapenda watu zaidi, hata kinyozi. Nataka kuishi kutokea pale. Hapa kwenu wiki nzima furaha ile sikuiona, nikadhani imekufa. Sasa hivi, pale sakafuni na Bibi, nimeiona. Ndiyo ileile. Sikujua kama inaweza hata kucheka."

Sista Mlezi alichomoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Sasa umenijibu," alisema. "Nenda nyumbani. Fanya kazi, sali, kaa na baba yako, upeleke mikate yako alfajiri. Wewe na mimi tutakuwa tunaonana na kuzungumza. Mwaka ukiisha, ikiwa furaha hiyo bado inakuvuta huku, uje ubishe hodi. Lakini uje wewe. Yule mwingine sina chumba chake."

Mikate ilipoingia motoni harufu ilizagaa hadi barabarani, na Kicheko alipogeuka kutafuta kitambaa cha kushikia trei, alimkuta baba yake amesimama mlangoni. Kofia mkononi. Sista wa getini alikuja kusimulia baadaye kwamba alikuwa amefika mapema sana, na kicheko kile kilipotoka dirishani alikuwa bado nje kwenye pikapu. Akashuka. Akauliza, "Ni nani huyo anacheka?" kwa sauti ya mtu anayejua jibu, akabaki ameshika nondo za geti, na Sista alipomfungulia hakuingia mara moja.

"Baba! Umefika lini?"

"Muda," alisema baba. Akakaribia jiko, akanusa, akainama kutazama mikate kama mkaguzi. "Sukari umezidisha."

"Konzi mbili."

"Moja na nusu," alisema baba, akapiga kofia pajani mara mbili, akatoka nje kuangalia bustani ya mboga kwa muda mrefu kuliko mboga zinavyostahili.

Walikula pamoja, masista wote. Mikate iliisha, na Kicheko akamaliza sahani yake mpaka Sista Muuguzi akampigia makofi na kumnong'oneza Sista mpishi kwamba ile dawa kweli inafanya kazi. Alasiri nzima wakatengeneza rojo jipya, la unga na maji, Bibi amesimama kwenye mlango wa jikoni amepanua mikono kama askari wa zamu. Jua likiwa linashuka ndipo pikapu ilipoondoka, Bibi anapunga aproni.

Njiani Kicheko alimweleza kila jambo, mwaka mmoja, kubisha hodi, karata za wizi, na baba aliendesha, macho barabarani. Walipita kanisa, wakapita kwa kinyozi. Mwishowe Kicheko akashindwa.

"Baba, umekasirika?"

"Nilikuja na maneno yangu," alisema baba. "Wiki nzima nayapanga pale tanurini. Maneno mazuri ya kukurudisha, hata paroko asingeyajibu. Nimefika pale getini, nimekusikia." Akapangusa shavu kwa kiganja, kwa hasira, kama mtu anayefukuza inzi. "Ulikuwa hujacheka hivyo tangu mama yako yuko hai. Hata kwangu hujacheka hivyo."

Kicheko alimshika mkono uliokuwa kwenye gia. Wakaenda hivyo mpaka kona ya duka lao. Taa ya dukani ilikuwa inawaka na Shangazi yuko ndani kwenye kiti chake, msafi, anangoja habari.

Baba alizima gari. Hakushuka. Alimtazama dada yake kupitia kioo, akamtazama kuanzia kilemba hadi kisigino, akashusha pumzi.

"Kesho kutwa," alisema, "huyo naanza kumfundisha kukanda."

Kicheko alifungua mdomo ajibu. Kikaanzia chini, taratibu, kikapanda, kikakutana na kilio katikati ya koo, vikatoka pamoja, na huko dukani Shangazi alinyanyuka akaja mlangoni kuuliza kulikoni, kitambaa chake cha kufutia kiti kikiwa mkononi.